Patrice Lumumba: karani wa posta aliyechaguliwa na Kisangani

Mwezi wa 12 mwaka wa 1959, wakaaji wa Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, walikwenda kupiga kura ili kuchagua washauri wa komini zao. Mtu aliyezungumziwa kuliko wote hakuonekana hata mara moja kwenye kampeni za siku za mwisho. Alikuwa gerezani, tangu tarehe 1 ya mwezi wa 11. Hata hivyo, kura zilipohesabiwa, chama chake cha MNC kilikuwa kimepata karibu asilimia 90 katika mji huo.

Mtu huyo ni Patrice Emery Lumumba. Wengi wanamjua kama waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliyetawala muda mfupi na kuuawa akiwa na miaka 35. Sura yake iko kwenye vitambaa, kwenye pesa za zamani na kwenye sanamu. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa mfanyakazi wa posta, mwenye mshahara mdogo, aliyetumia zaidi ya miaka kumi kutetea makarani wenzake na watu wa mitaa ya weusi. Kazi hiyo ndiyo iliyomletea kura. Na aliifanya katika makao makuu ya jimbo la Orientale, jimbo ambalo Ituri ilikuwa sehemu yake wakati huo.

Kutoka Onalua hadi mjini

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka wa 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Watetela. Alisoma kwenye shule za misioni, za Waprotestanti Wametodisti na za Wakatoliki, lakini hakufika mbali darasani. Mengi aliyojua baadaye aliyapata kwa kujisomea mwenyewe, usiku, baada ya kazi.

Kama vijana wengi wa wakati ule, aliondoka kijijini kutafuta kazi ya mshahara. Alipitia Kindu na Kalima, huko Maniema, alikofanya kazi ya ukarani katika shirika la madini. Mwaka wa 1944 alifika Stanleyville. Mji huo ulikuwa na bandari, reli na ofisi nyingi za serikali ya kikoloni, ile ambayo wazee wetu waliita Bula Matari. Barabara ya kutoka Bunia, ikipitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, iliishia huko. Watu wa makabila yote walikutana hapo wakizungumza Kiswahili na Lingala. Lumumba alizijua lugha zote mbili, pamoja na Kitetela chake na Kifaransa.

Serikali ilimwajiri kama karani, kisha ikampeleka Leopoldville kusoma kazi ya posta. Alifanya kazi Yangambi kwa muda, akarudi Stanleyville na kukaa kwenye ofisi ya hundi za posta. Mwaka wa 1951 alimwoa Pauline Opango.

Mtetezi wa makarani

Katika Kongo ya Wabelgiji, mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kuunda chama cha siasa. Kulikuwa na mlango mmoja tu: vyama vya kusaidiana. Vyama vya wafanyakazi wa idara moja, vya wanafunzi wa zamani wa shule fulani, vya kabila, vya watu walioitwa evolue, yaani weusi waliosoma na kufanya kazi za ofisini. Lumumba aliingia katika vyama hivyo kwa nguvu zote. Aliongoza chama cha wafanyakazi wa posta, akaongoza chama cha evolue wa Stanleyville, na mwaka wa 1955 akawa rais wa jimbo wa APIC, chama cha wafanyakazi weusi wa serikali.

Kazi ya vyama hivyo haikuwa ya kelele. Ilikuwa ni kuandaa mikutano, kuandika ripoti, kukusanya michango, kumfuata mkubwa ofisini na kumwomba jibu. Lumumba alipenda kuandika. Alituma makala katika magazeti ya weusi waliosoma, kama La Voix du Congolais na La Croix du Congo, na wafanyakazi wa posta wakawa na jarida lao ambalo yeye alilisimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alimsaidia pia mtafiti Mfaransa Pierre Clément, aliyekuja kuchunguza maisha ya wakaaji wa mji huo. Kazi hiyo ilimfikisha katika nyumba za watu wa hali mbalimbali, wala si za makarani peke yao.

Malalamiko yenyewe yalijulikana na kila mfanyakazi. Mweusi na mzungu waliweza kukaa katika ofisi moja, lakini sheria zao za kazi zilikuwa mbili, mishahara miwili na ngazi mbili za kupanda cheo. Karani mweusi alifika mahali akakuta ukuta, hata kama alimfundisha kazi mzungu aliyefika juzi kutoka Ubelgiji. APIC ilidai sheria moja kwa wafanyakazi wote wa serikali. Wabelgiji walizungusha jambo hilo miaka mingi na kulikubali tu mwaka wa 1959, wakati moshi ulikuwa umekwisha kujaa nyumba. Matokeo ya ukuta huo yalionekana siku ya uhuru: katika vyeo vya juu vya utawala, ambavyo vilikuwa zaidi ya 4,000, Wakongo walikuwa watatu tu.

Kadi ya heshima

Lumumba wa miaka hiyo hakuwa mpinzani wa Ubelgiji. Aliamini kwamba Wakongo waliosoma wangepewa nafasi polepole, kama wangeonyesha kuwa wanastahili. Ndiyo sababu aliomba kadi ambayo ilimfanya mweusi ahesabiwe sawa na mzungu mbele ya sheria. Kuipata kulikuwa kama mtihani wa aibu. Tume ilichunguza mwenendo wa mtu, ndoa yake, nyumba yake, hata namna familia ilivyokula. Ombi lake la kwanza lilikataliwa. Alikata rufaa, akapewa kadi mwaka wa 1954. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 12, walioipata hawakufika hata 300.

Mwaka wa 1955 Mfalme Baudouin alitembelea Kongo. Huko Stanleyville, kwenye bustani ya liwali wa jimbo, Lumumba alizungumza naye kwa dakika kadhaa kuhusu hali ya weusi waliosoma. Kwa wazungu wengi wa mji jambo hilo lilikuwa ukosefu wa adabu. Kwa weusi, habari zilienea mtaa kwa mtaa: karani wa posta amemweleza mfalme shida zetu. Mwaka uliofuata, serikali ya Ubelgiji ilimwalika pamoja na Wakongo wengine kwenda kuitembelea nchi hiyo.

Pesa za posta

Hapa ndipo maisha yake yalipovunjika. Aliporudi kutoka Ubelgiji, mwezi wa 7 mwaka wa 1956, alikamatwa. Wakaguzi walikuwa wamegundua kwamba pesa zimetoka kwenye hundi za posta kwa njia isiyo halali, zaidi ya faranga 100,000. Lumumba alikubali kwamba alizichukua. Alijitetea kwa kusema kwamba alikusudia kuzirudisha, na kwamba mshahara wa mweusi haukutosha maisha ambayo serikali yenyewe ilimdai evolue ayaishi: nyumba safi, nguo nzuri, watoto shuleni, wageni kila siku.

Mahakama haikukubali. Alihukumiwa miaka miwili, kisha adhabu ikapunguzwa. Aliachiliwa mwezi wa 9 mwaka wa 1957.

Wanaompenda Lumumba mara nyingi wanapita haraka kwenye habari hii, na waliomchukia waliitumia hadi kifo chake. Lakini kuna jambo moja ambalo pande zote mbili zinasahau. Waliochanga ili deni lirudishwe ni evolue wa Stanleyville, wale wale aliowatetea. Hawakusema kwamba hakufanya kosa. Walilipa kwa sababu walikuwa wamemwona akiwafanyia kazi kwa miaka mingi bila malipo. Kosa lilikuwa la kweli, na deni la shukrani lilikuwa la kweli pia.

Gerezani aliandika kitabu kuhusu Kongo na maisha yake ya kesho. Humo alizungumzia mishahara, nyumba za wafanyakazi, elimu ya wasichana, na mazoea ya wazungu ya kumwita mtu mzima kama mtoto. Bado alitumaini kwamba Wabelgiji na Wakongo wangejenga nchi pamoja. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1961, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa.

Muuza bia anakuwa kiongozi

Mtu aliyefungwa kwa ajili ya pesa hakuweza kurudi serikalini. Lumumba alihamia Leopoldville, akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Bracongo kuitangaza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimpeleka kwenye baa za mji wote, na baa ndiyo ilikuwa baraza la watu wa kawaida. Alijifunza kusema na watu ambao hawakuwa makarani: wafanyakazi wa bandari, wachuuzi, vijana wasio na kazi.

Mwezi wa 10 mwaka wa 1958, yeye na wenzake waliunda MNC, chama kilichotaka Kongo moja bila mgawanyiko wa makabila. Mwezi wa 12 alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote, ambao mwenyekiti wake alikuwa mtu mwenye maisha yaliyofanana na yake: Tom Mboya wa Kenya, mfanyakazi wa halmashauri ya Nairobi aliyepanda kupitia vyama vya wafanyakazi. Lumumba aliporudi, hakuomba tena nafasi kwa ajili ya waliosoma peke yao. Aliomba uhuru kwa wote.

Tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka wa 1959 Leopoldville ililipuka kwa maandamano na watu wengi waliuawa. Siku chache baadaye serikali ya Ubelgiji ilitangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha raia watachagua mabaraza yao ya komini na ya maeneo. Kura ingekuwa ya wanaume watu wazima. Wanawake hawakuhesabiwa, ingawa waliijaza mikutano ya vyama.

Kura ya komini

Mwaka huo ulikuwa mgumu kwa MNC. Mwezi wa 7 wakubwa kadhaa walijitenga na Lumumba, wakimlaumu kwamba anaamua peke yake, wakaunda upande wao. Huko Leopoldville hakuwa na nguvu ya kutosha, kwa kuwa mji huo ulikuwa chini ya mvuto wa ABAKO ya Joseph Kasavubu. Alirudi basi mahali alipojulikana. Mwishoni mwa mwezi wa 10 chama kilifanya mkutano mkuu Stanleyville. Tarehe 30 fujo zilitokea kati ya askari na wananchi, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Wakubwa wa kikoloni walimshitaki Lumumba kwamba maneno yake ndiyo yaliyowasha moto, wakamkamata.

MNC ilikuwa imefikiria kuisusia kura ya komini, kama vyama vingine vilivyofanya, ikiogopa kwamba Wabelgiji wangetumia washauri wa komini kama vibaraka wao. Lakini baadaye iliamua kushiriki. Kiongozi wake alikuwa ndani, hakuna aliyeweza kumsikia. Kampeni ilifanywa na watu wa mitaa ya Mangobo na mingineyo waliomfahamu tangu enzi za posta. Chama kilipata karibu asilimia 90.

Si hotuba ya siku moja iliyoleta matokeo hayo. Mpiga kura wa Stanleyville hakuhitaji kuelezwa Lumumba ni nani. Alikuwa ameona miaka ya mikutano, makala na madai ya mshahara. Alijua pia kosa lake na kifungo chake. Alimpima kwa yote hayo, akaamua.

Kura hiyo ya mji mmoja iligeuza siasa ya nchi nzima. Tarehe 21 mwezi wa 1 mwaka wa 1960 Lumumba alihukumiwa miezi sita na kupelekwa gereza la Jadotville, Likasi ya leo. Lakini huko Brussels mkutano wa Meza ya Mviringo ulikuwa umeanza, na wajumbe wa Kongo walidai aachiliwe. Wabelgiji walielewa kwamba hawawezi kupanga uhuru bila mtu mwenye kura. Siku chache tu baada ya hukumu alitolewa gerezani na kupandishwa ndege. Tarehe 27 ya mwezi huo huo, mkutano ulikubaliana kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 mwezi wa 6.

Ushindi na kaburi

Mwezi wa 5 mwaka wa 1960 nchi nzima ilichagua wabunge. Katika jimbo la Orientale, MNC ya Lumumba ilipata viti 58 kwa 70 vya baraza la jimbo. Jean-Pierre Finant akawa rais wa serikali ya jimbo. Kitaifa, chama hicho kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika baraza la wabunge 137, na Lumumba akawa waziri mkuu, Kasavubu akiwa rais.

Yaliyofuata yanajulikana. Siku ya uhuru alitoa hotuba, mbele ya Mfalme Baudouin, iliyokumbusha matusi, viboko na mishahara isiyotosha. Siku tano baadaye askari wa Force Publique waliasi maofisa wao Wabelgiji. Tarehe 11 mwezi wa 7 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia, kisha ya Umoja wa Mataifa. Lumumba alipoomba msaada wa ndege na magari kutoka Umoja wa Kisovieti, Marekani ilimhesabu kuwa adui. Tarehe 5 mwezi wa 9 Kasavubu alimfukuza kazini. Tarehe 14, Kanali Mobutu alichukua madaraka.

Alizuiliwa nyumbani kwake Leopoldville. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa 11 alitoroka kwa gari, akielekea Stanleyville, kwa wapiga kura wake. Njiani watu walimzuia wamsikilize, naye alisimama kuzungumza nao, na muda ulipotea. Askari wa Mobutu walimfikia huko Lodi, kwenye mto Sankuru. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961 alipelekwa Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku huo huo wote watatu walipigwa risasi mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Mwezi uliofuata Finant naye aliuawa, huko Bakwanga.

Mwili wa Lumumba uliharibiwa kwa tindikali ili usipatikane. Polisi mmoja Mbelgiji aliweka jino lake kama ukumbusho. Stanleyville ilibaki ngome ya wafuasi wake. Mwaka wa 1964 waasi wa Simba waliuteka mji huo wakitumia jina lake, na vita vyao vilifika hadi Ituri, ambako familia nyingi zilipoteza watu. Jina la mtetezi wa makarani lilitumiwa pia kuua makarani.

Ubelgiji iliomba msamaha mwaka wa 2002. Mwezi wa 6 mwaka wa 2022 jino lilirudishwa kwa familia. Lilizungushwa Sankuru, Kisangani na Katanga, kisha likazikwa Kinshasa, kwenye mnara wa Limete, tarehe 30 ya mwezi huo, miaka 62 baada ya uhuru.

Ituri na kura ya mtaa

Orientale haiko tena. Tangu mwaka wa 2015 Ituri ni jimbo lenye baraza lake, na Bunia ndiyo makao makuu. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 2023, kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006, Wakongo walichagua tena washauri wa komini, katika miji mikuu ya majimbo. Miaka 64 ilikuwa imepita tangu kura ile ya Stanleyville. Lakini Ituri ilipiga kura ikiwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa mwezi wa 5 mwaka wa 2021, na mshauri wa komini ana uwezo mdogo mahali ambapo mwanajeshi ndiye anayeamua.

Kwa hiyo maisha ya Lumumba yana masomo mawili, na moja halifuti lingine. La kwanza ni kwamba ushindi hautengenezwi na fulana, chumvi na pesa zinazogawiwa wiki ya mwisho. Mtu wa kawaida, asiye na mali wala diploma kubwa, anaweza kuchaguliwa kama wakaaji wamemwona akibeba shida zao miaka mingi, na kama anakubali kupimwa hata kwa makosa yake. La pili ni chungu zaidi. Kura peke yake haikumlinda. Chini ya miezi minane baada ya kuchaguliwa, mtu wa Stanleyville alikuwa amekufa, na waliomchagua hawakuulizwa neno lolote.